Wachoraji Waliotung'olea Bati

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Nyasho, Musoma, alileta fundi wa kupaka rangi geti lake la chuma. Fundi akafungua chupa ya tapentaini, upepo wa ziwani ukaibeba harufu mpaka jikoni kwangu, nami nikaacha sufuria ya ugali motoni nikaenda kufunga madirisha yote. Watoto wangu walicheka. Wanasema mama anaogopa rangi. Siogopi rangi. Ila nilikua nikiamini kwamba chini kabisa ya ziwa, kule nanga isikofika, kunanuka tapentaini, na imani ya utotoni haitoki puani hata ukiota mvi.

Ninyi wa umri wangu mliokulia kwenye vijiji vya rasi ya Majita mtakumbuka kwamba kila kiangazi tulikuwa na wageni waliokuja kutuchora. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpaka leo sijamwona aliyepona. Wa kwanza wao, kwa jinsi bibi alivyotusimulia, alikuwa mama mmoja wa Kizungu mwenye mwavuli mweusi, aliyekaa juu ya jiwe akichora mitumbwi mpaka jua likamchubua pua. Akarudi kwao, akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia mwingine, kama sisimizi wanavyoambizana palipomwagika sukari. Wazungu walipotuchoka wakaja wa kwetu, kutoka Dar es Salaam na Arusha, na viatu vya kupandia milima wakivitembelea kwenye mchanga. Walisimamisha mbao zao za miguu mitatu pale mwaloni, mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa, wakawa wanatutazama kutwa nzima.

Walipenda kila kitu chetu isipokuwa vile tulivyovipenda sisi. Walipenda mawe, ambayo hatukuwa na kazi nayo. Walipenda mitumbwi mibovu kuliko mizima. Hawakupenda injini, kwa hiyo waliwaomba wenye injini wazifunike au wazishushe. Hawakupenda mabeseni ya plastiki ya akina mama wanaoanika dagaa, wakawaomba washike vikapu, na kwa kuwa vikapu kijijini havikuwepo, walikuja navyo wenyewe, wamevinunua sokoni mjini. Kwa hiyo kuna picha duniani, sijui zimetundikwa kwa nani, zinazowaonyesha shangazi zangu wakibeba dagaa kwa vikapu vilivyotoboka ambavyo dagaa wote wangemwagika kabla hawajapiga hatua tatu.

Lakini dhambi yao kubwa ilikuwa bati. Mama yangu hakuwa mtu wa ziwa. Alikuwa binti wa wafugaji wa Butiama, na alipoolewa kule kwetu ndugu zake walimlilia kama amepelekwa gerezani. Hajui kuogelea mpaka leo. Alichojua ni biashara. Msimu baada ya msimu alipeleka dagaa mnadani Bunda, na kila akirudi alikuwa na bati moja au mawili juu ya gunia, mpaka nyumba yetu ikawa imeezekwa yote, ya kwanza upande ule wa mwalo. Mvua ya kwanza ilipolipiga lile bati, Mama alikaa chini katikati ya chumba akacheka peke yake, kwa sababu hatukuweza kusikiana hata tukipiga kelele. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile, na nimeshahudhuria harusi nyingi.

Wachoraji walilitazama bati lile kama mtu anavyotazama kidonda cha mwenziwe. Katika kila picha waliyochora nyumba yetu ina nyasi. Kiongozi wao alikuwa bwana mmoja mrefu wa kofia pana, aliyefundisha uchoraji huko alikotoka, na kijiji kizima kilimwita Mwalimu. Mama peke yake hakumwita hivyo. Kwa mtu wa Butiama jina hilo haligawiwi ovyo. Yeye alimwita yule wa kofia. Siku moja yule wa kofia alimwonyesha Mama picha iliyokamilika, Mama akauliza hii ni nyumba ya nani, akaambiwa ni yake. Akasema yake ina bati. Bwana yule akamweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto wa darasa la kwanza, kwamba bati linaua picha.

"Nyasi nayo ilikuwa inatuuaga sisi," Mama akasema, akaenda kugeuza dagaa wake.

Baba aliwachukulia kwa mzaha. Alikuwa mtu wa mizaha, na wale watu walikuwa wamemletea riziki ya mizaha mpaka mlangoni. Aliuliza kama wakimaliza kumchora sangara huwa wanamla. Alituambia kwamba amefanya kazi nyingi katika maisha yake lakini hajawahi kuona mtu mzima anatazama tu kutwa, halafu jioni anasema amechoka. Yeye alikuwa na jezi moja nyekundu ya mpira, mgongoni namba imebanduka nusu, na alivaa hiyo kuvulia, kupigia soka Jumapili, na kama Mama asingemzuia, kuendea kanisani. Mwalimu alimwomba aivue ili aonekane wa asili. Baba akajibu kwamba asili yake ndiyo hiyo, alizaliwa nayo. Wakamchora hivyo hivyo kifua wazi, wakamjazia misuli. Baba aliitazama ile picha muda mrefu, akauliza kijana huyu mwenye mwili mzuri ni mtoto wa nani, maana angependa kumpa kazi ya kuvuta nyavu.

Dharau yangu niliirithi kwake. Yeye ya kwake ilikuwa na kicheko ndani. Yangu haina, na sasa mtajua kwa nini.

Kiangazi kimoja baba mdogo, yaani mdogo wake Baba ambaye walivua pamoja, alishikwa na homa, na Baba akaenda kutoa nyavu peke yake. Asubuhi upepo uligeuka. Mtumbwi ulirudi tumbo juu, ukisukumwa na mawimbi polepole mpaka mwaloni. Jezi nyekundu ilikuwa nyumbani kwenye waya, Mama alikuwa ameisuuza ili ipate kukauka kwa ajili ya mpira wa Jumapili. Baba alikuwa ameondoka na sweta kuukuu.

Kwetu, maji yakimchukua mtu hakuna wavu unaoingia ziwani mpaka atoke. Mitumbwi yote huvutwa nchi kavu ikapangwa, injini zikafunikwa, dagaa hawaanikwi, na hakuna anayekula samaki, maana huwezi kujua samaki huyo kule chini amekutana na nani. Hutoka mitumbwi miwili tu ya kutafuta, na waliomo huburuta kulabu kwa kamba, taratibu, huku na huku. Wengine wote hukaa mchangani wakielekea majini, wanawake wamejifunika kanga vichwani, hawasemi kitu. Hukaa hivyo ili akitokea asikose wa kumpokea. Wajomba walikuja kutoka Butiama na vibuyu vya maziwa, tukala ugali kwa maziwa, tukakaa.

Sasa fikirieni raha ya mchoraji. Miaka yote mitumbwi yetu ilikuwa inamwonea: akianza kuuchora mmoja, mwenyewe anausukuma majini na kuondoka nao. Akianza kumchora mwanamke, mwanamke anainuka kwenda kupika. Leo mitumbwi yote imejipanga, rangi kwa rangi, na watu wote wametulia pale pale, tangu asubuhi hadi jioni. Msiniambie hakujua. Baba mdogo, mwenye homa yake, alitembea mpaka kwake akamwambia.

"Mwalimu, tuna msiba. Kaka yangu yuko majini, hajaonekana."

Yule bwana alivua kofia. Akasema poleni sana, akaiweka kofia kifuani, akainamisha kichwa. Halafu akaitazama ile mitumbwi.

"Na hii itakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka aonekane."

"Basi hatutawasumbua," akasema, akarudisha kofia kichwani na kwenda kuwaita wenzake. Kufa kufaana.

Mimi, kwa akili ya umri ule, nilimwona kwa macho mengine kabisa. Wanaume wa kwenye mitumbwi ya kutafuta walikuwa wakipumzika, wakivuta sigara, wakibishana maji yanaelekea wapi. Wanawake macho yao yalikuwa yamejaa machozi, wangeona nini? Mtu mmoja tu hakuliondolea ziwa macho. Alisimama tangu jua halijakuwa kali, akafumba jicho moja, akanyoosha mkono na brashi kuelekea majini, akasogeza kidole gumba juu ya kijiti kidogo kidogo, akitikisa kichwa, akipima tena. Nikajua anapima kina. Nikaamua kwamba katika kijiji chote huyu ndiye anayemtafuta baba yangu kweli kweli, na kwamba tulikuwa tumemcheka bure.

Tatizo nililoliona lilikuwa moja. Huyu alikuwa mtu wa kukosea. Alikuwa amemchora Baba kifua wazi na sura ya mtu mwingine. Nyumba anayoiona kila siku ameiwekea nyasi. Mtu aliyeshindwa kuliona bati mchana kweupe, atamtambuaje Baba chini ya maji? Nikaenda kwenye waya, nikaitoa jezi, nikampelekea.

"Hii ya baba," nilimwambia. "Hii ndiyo anavaaga."

Aliipokea bila kugeuza shingo. Akasema ahsante mtoto mzuri, akaiweka begani. Nilirudi kukaa karibu na Mama moyo wangu umetulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya mtumbwi. Sasa anajua anachokitafuta, nikajiambia.

Baba hakuonekana. Maji mengine hurudisha, mengine hayarudishi, na yale hayakurudisha. Mwisho wazee walikaa na katekista wetu wakazungumza kwa sauti ya chini, kwa sababu nyumba nyingine zilikuwa zimeanza kulala njaa na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Wakakubaliana kwamba izikwe nguo yake, nguo aliyoivaa mwenyewe ikashika jasho lake, ili mtu awe na kaburi na mitumbwi iruhusiwe kuingia majini. Mama aliinuka kwenda kwenye waya. Akatazama chini ya waya, akatazama ndani. Nikamwambia iko kwa Mwalimu. Hakuniuliza imefikaje. Alishuka mwaloni pekupeku, nami nikamfuata.

Jezi ilikuwa imening'inia kwenye pembe ya ule ubao wa miguu mitatu. Yule bwana alishika mkono mmoja wa jezi, akaibana brashi ndani yake, akaivuta nje safi, akaichovya kwenye rangi nyingine. Alikuwa ameifanya hivyo siku zote zile, na nyekundu yake ilikuwa imeanza kupotea chini ya madoa. Mama akasimama mbele yake.

"Mama, naomba usogee kidogo," akasema, "unanizibia maji."

"Naomba nguo ya mume wangu."

Hapo ndipo alipoitazama ile jezi, nafikiri kwa mara ya kwanza. Alisema samahani sana, alidhani ni tambara. Akasema atamnunulia nyingine, mpya kabisa, akirudi mjini.

"Mpya yeye hajaivaa," Mama akasema, na akaitoa kwenye ubao mwenyewe.

Aliifua kwa sabuni ya mche mpaka ngozi ya vidole ikamtoka. Matope yalitoka, chumvi ya jasho ikatoka, jambo ambalo hakulitaka, lakini rangi haikutoka, wala harufu. Wengine walilia kuiona. Mimi nilifurahi. Nilikuwa naona jezi ya baba yangu imerudi imelowa, imeshika rangi ya ziwa kuanzia kifuani mpaka mikononi, ile bluu ya mbali ambayo maji ya ufukweni hayana, na ina harufu ambayo sijawahi kuisikia popote juu ya ardhi. Ilikuwa wazi kabisa kwangu. Mwalimu alikuwa amefika.

"Mama," nikamwambia, "kumbe huko aliko kunanuka hivi."

Mama aliacha kufua. Alinivuta akanikumbatia na mikono yake yenye povu, akanibana mpaka nikashindwa kupumua, na hakunisahihisha. Nampenda kwa hilo kuliko kwa mambo mengi aliyonifanyia baadaye.

Tukaizika ikiwa na mabaka yake na harufu yake, ndani ya kisanduku, nyuma ya nyumba ya bati. Katekista alisoma, wajomba wakafukia. Wachoraji hawakuja mazishini, ila kiongozi wao alikuja baadaye kidogo, wanaume walipokuwa wanaanza kusukuma mitumbwi, akamwomba baba mdogo wasubiri mpaka kesho, kwa sababu alikuwa bado hajamaliza anga. Baba mdogo ni mtu mpole. Alimjibu kwa neno moja la Kijita ambalo sitaliandika hapa, akausukuma mtumbwi wake, na kwa kuwa ubao wa miguu mitatu ulikuwa umesimama njiani, ubao ukalala.

Mama hakutaka tena kuishi mahali anapoyaona maji. Wajomba waliling'oa lile bati, wakalifunga kamba, wakalihamisha pamoja na sisi kwenda Butiama, na liko huko mpaka leo juu ya jiko lake, limeshika kutu na halivuji. Mwalo wetu nasikia umeshatoka kwenye fasheni. Wachoraji wamegundua mwingine.

Nilijifunza tapentaini ni nini nikiwa tayari binti wa sekondari, siku shule ilipopakwa rangi. Wenzangu walikuwa wanacheka na mafundi, mimi nilikwenda nyuma ya bweni nikalia, maana ndiyo siku niliyoelewa kwamba hakuna aliyekuwa anamtafuta. Huyo ndiye niliyemzika siku hiyo, yule Mwalimu wangu wa kubuni, na sikumwekea msalaba.

Kisha mwaka huu kazi ikanipeleka kwenye semina kwenye hoteli moja hapa Musoma, ufukweni. Wakati wa chai nikaiona, ukutani, karibu na mapokezi, kubwa kuliko mlango. Mitumbwi yetu kavu imejipanga. Wanawake wamejifunika kanga. Baba mdogo amechuchumaa ameshika kichwa. Nyumba yenye nyasi. Chini yake kibao kidogo cha shaba kimeandikwa Siku ya Mapumziko. Ni picha nzuri. Nimelisema, na sitalirudia. Mwenzangu mmoja alisimama kando yangu na sambusa mkononi, akasema watu wa zamani walijua kustarehe. Nikakiweka mezani kikombe nilichokishika, nilikuwa nakihofia.

Mama alipokuja mjini kutibiwa macho nilimpeleka. Nilifikiria sana kama nimpeleke, nikaona picha ni ya kwake kuliko ya hoteli. Binti wa mapokezi alimwamkia vizuri, shikamoo bibi, akatueleza kwamba wageni wanaipenda sana ile picha, inawapa utulivu. Mama alivaa miwani yake mipya, akaisogelea karibu kabisa. Alianzia kwenye nyumba.

"Bati yangu iko wapi?"

"Waliitoa, mama."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea. Akasogeza kidole, bila kugusa, mtu kwa mtu. Huyu shemeji. Huyu marehemu shangazi yako. Huyu mimi, kanga ile niliipendaga. Kisha kidole kikawaacha watu kikaingia ziwani. Kikaenda mpaka mwisho wa picha, kikarudi chini kidogo, kikaenda tena, taratibu, huku na huku, kama kulabu zilivyokuwa zinaburutwa. Binti wa mapokezi alinitazama anataka nimweleze. Kidole kikateremka hivyo mpaka pembeni chini, maji yanapoishia, kikasimama.

"Hii nyekundu?" Mama aliuliza.

Niliinama nikaangalia.

"Ni jina la aliyechora, mama. Ameliandika hapo."

"Aa," akasema, akavua miwani. "Nikadhani ni baba yako."